KUSEMA KWA KALAMU: Uhakiki wa Maandalizi ya Mtihani wa Kuzungumza Kiingereza

Ni desturi ya watu wengi, wakiwemo baadhi ya walimu wa lugha, kuuchukulia mtihani wa kuzungumza Kiingereza kuwa ni jambo la Kiingereza tu. Mtahiniwa akishindwa, husemwa kwamba msamiati wake haukutosha, au sarufi ilimponyoka, au lafudhi ya lugha ya mama ilimfichua. Basi tiba inayopendekezwa huwa ya namna hiyo hiyo: orodha ndefu za maneno mapya, misemo ya kukariri, na mazoezi ya kuukunja ulimi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba rai hiyo ina upungufu mkubwa. Kuzungumza mbele ya mtahini ni utanzu wa usemi, kama zilivyo ngano, mawaidha na majigambo. Una muundo wake, una wahusika wake, na una kanuni zake za nani aseme, aseme nini, na kwa muda gani. Mtahiniwa wa Kenya anaposhindwa, aghalabu si kwa kuwa hakijui Kiingereza, bali kwa kuwa amelelewa katika utanzu mwingine, yaani insha, naye huubeba huo hadi mezani pa mtahini akidhani ndio unaotakiwa.

Jambo hili si la kufanyiwa mzaha. Mwezi wa Julai 2021 serikali za Kenya na Uingereza zilitia saini mapatano ya kuwawezesha wauguzi wa Kenya kufanya kazi katika hospitali za Uingereza. Novemba mwaka huo huo, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alieleza hadharani kwamba kati ya wauguzi 300 wa mwanzo waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliofaulu walikuwa 10 tu. Hesabu hiyo ilikuwa ya mtihani mzima, kusoma na kuandika pamoja, wala haifai kuitumia kama ushahidi juu ya kusema peke yake. Hata hivyo inastahili kutafakariwa. Hawa ni watu waliofundishwa karibu masomo yote kwa Kiingereza tangu darasa la nne, waliofanya mitihani yao ya uuguzi kwa Kiingereza, na ambao huandika maendeleo ya wagonjwa kwa Kiingereza kila zamu. Kusema kwamba hawakijui ni kujiondolea kazi ya kufikiri.

Mtihani unaochaguliwa hapa kuwa mfano ni ule uitwao IELTS, unaosimamiwa kwa ubia na British Council, shirika la IDP, na Chuo Kikuu cha Cambridge. Huo ndio maarufu zaidi miongoni mwa Wakenya wanaotaka kusoma au kufanya kazi ng'ambo. Asili ya mitihani ya namna hii ni ya zamani kidogo. Mwaka 1913 Cambridge ilianzisha mtihani wa umahiri wa Kiingereza kwa wageni, na ndani yake mlikuwa na nusu saa ya kusoma kwa sauti na kuzungumza. Mlikuwa pia na karatasi ya fonetiki, ambayo mtahiniwa aliijibu kwa kuandika. Waliojitokeza mwaka huo walikuwa watatu, na hakuna aliyefaulu. Karatasi ya fonetiki iliachwa baadaye, mazungumzo yakabaki. Yafaa msomaji aishike kumbukumbu hiyo ya matamshi yaliyopimwa kwa wino, kwa sababu itarejea katika makala haya, nayo itarejea kutoka mahali pa karibu zaidi kuliko Cambridge.

IELTS yenyewe ilianza mwaka 1989, na sehemu yake ya kusema ilipata umbo ililo nalo sasa mwaka 2001. Mtahiniwa mmoja huketi na mtahini mmoja kwa dakika 11 hadi 14, na maneno yao hunaswa. Kwanza huulizwa mambo ya kawaida juu ya kwao, kazi yake na mapendeleo yake, kwa dakika nne au tano. Kisha hupewa kadi yenye mada, akapata dakika moja ya kujiandaa pamoja na karatasi na kalamu ya risasi, halafu akasema peke yake kwa dakika moja hadi mbili. Mwisho hufuata majadiliano ya dakika nne au tano juu ya mambo mapana yanayohusiana na ile kadi. Alama hutolewa kwa vipengele vinne vyenye uzito sawa: mtiririko na mshikamano wa usemi, msamiati, upana na usahihi wa sarufi, na matamshi. Kipimo ni cha kuanzia 0 hadi 9. Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza hudai 7 katika kusema.

Mhakiki aliyezoea kuitazama kazi ya sanaa kwa fani na maudhui ataona mara moja kwamba huu ni mchezo wa kuigiza wenye wahusika wawili, na kwamba mmoja wao amefungwa mdomo. Mtahini ana maandishi mbele yake. Katika sehemu mbili za kwanza maswali yake yameandikwa neno kwa neno, naye hana ruhusa ya kuyapamba, kuyafafanua apendavyo, wala kusimulia ya kwake. Sababu yake ni ya haki: mtahini mchangamfu humsaidia mtahiniwa, na mtahini mnunaji humwangusha, kwa hiyo wote wamenyang'anywa uchangamfu na kununa. Lakini zao la haki hiyo ni mazungumzo ya ajabu. Mtu anaulizwa habari za kwao na mgeni ambaye, akishajibiwa, hasemi "kumbe!", hasemi "pole", hasemi "hata mimi". Anauliza swali linalofuata. Mtahiniwa ambaye hakuelezwa jambo hili mapema huliona kuwa ni dharau, au huhisi kwamba jibu lake limekuwa baya, akaanza kufupisha. Majibu ya maneno matatu matatu yanayolalamikiwa sana huzaliwa hapo, wala si katika umaskini wa msamiati.

Kiini cha mtihani, hata hivyo, ni kadi. Hapo ndipo maandalizi mengi huharibika, na hapo ndipo uhakiki una la kuchuma. Ichukuliwe kadi ya mfano, iliyotungwa kwa ajili ya makala haya kwa kufuata sura ya zile zinazotumika: mtahiniwa amweleze mtu mzima aliyemsaidia alipokuwa mdogo, aseme alikuwa nani, alimjuaje, alimsaidia vipi, na kwa nini angali anamkumbuka. Majibu mawili yafuatayo nayo yametungwa, na yanatolewa kwa Kiswahili ili macho yaelekee kwenye muundo badala ya makosa ya Kiingereza.

La kwanza: "Katika maisha ya mwanadamu hapana asiyehitaji msaada wa mwenziwe. Katika safari yangu ya maisha nimekutana na watu wengi waliotoa mchango mkubwa. Miongoni mwao ni mwalimu wangu wa shule ya msingi. Alikuwa mwenye bidii, mwaminifu, mwenye huruma, na mfano bora wa kuigwa. Alinisaidia kwa njia nyingi na za aina mbalimbali. Kwanza, alinipa mawaidha. Pili, alinitia moyo. Tatu na mwisho, alinifunza nidhamu. Kwa hakika siwezi kumsahau maishani."

La pili: "Alikuwa mama mboga mmoja karibu na steji ya matatu. Mimi nilikuwa, ngoja, nilikuwa darasa la sita. Siku hiyo nilikuwa nimepoteza nauli, na mvua ilikuwa inanyesha, mvua kweli kweli. Nikasimama tu pale. Akaniuliza, wewe mtoto, mbona huendi kwenu? Sikumjibu, niliona haya. Basi akanipa shilingi kumi, hapana, zilikuwa ishirini, akasema nitamrudishia nikiwa daktari. Sikuwa daktari, nikawa muuguzi. Na zile shilingi sijazirudisha."

Mwalimu wa insha akipewa karatasi mbili zenye maneno hayo, ni dhahiri atakayoipenda. Ya kwanza ina utangulizi, ina aya, ina hoja zilizopangwa. Ya pili ina "ngoja" na ina "hapana", yaani mwandishi alikosea na hakufuta. Lakini haya si maandishi. Katika kusema, "ngoja" ya mtahiniwa wa pili ni dalili njema, kwa kuwa anatafuta jambo, hatafuti neno. Anajaribu kukumbuka alikuwa darasa gani. Vigezo vya mtihani vyenyewe hutenganisha hali hizo mbili: kusita kwa ajili ya kukumbuka au kuwaza ni sifa ya msemaji wa ngazi za juu, na kusita kwa ajili ya kutafuta neno au kanuni ya sarufi ndiko kunakopunguza alama. Mtahiniwa wa kwanza hasiti hata kidogo. Anatiririka kama maji ya bomba, na sikio lililozoea hutambua kwamba maji hayo yametoka tangini.

Tena itazamwe sarufi. Mtahiniwa wa kwanza alikuja na nia ya kuonyesha upana wa sarufi, ilhali sentensi zake karibu zote ni za umbo moja: alikuwa hivi, alifanya vile. Wa pili hakuwa na nia hiyo. Lakini kisa chake, kikisemwa kwa Kiingereza, kinamlazimisha kutumia wakati uliopita, hali ya kuendelea katika wakati uliopita, tendo lililotangulia tendo jingine, kauli ya taarifa, sharti, na hali timilifu inayofika mpaka leo. Tukio ndilo lililoileta sarufi. Hili ni jambo ambalo vitabu vya maandalizi hulipa nafasi ndogo mno: njia nyepesi ya kupanua sarufi ya msemaji ni kumpa kitu kilichotokea akisimulie, maadam matukio hayawezi kusimuliwa kwa umbo moja la kitenzi.

Maudhui nayo yana la kusema. Jibu la kwanza halina mtu ndani yake. Mwalimu huyo akiondolewa na kuwekwa mjomba, au kasisi, au jirani, hakuna neno jingine litakalohitaji kubadilishwa. Hiyo ndiyo sifa yake machoni pa aliyelikariri, na ndiyo aibu yake. Jibu linalofaa kadi zote halijajibu hata moja. Mtahini akiuliza, kama anavyoruhusiwa kuuliza swali moja au mawili mafupi mwishoni, iwapo mtahiniwa bado huonana na mtu huyo, sauti hubadilika ghafla. Kasi hupungua, maneno makubwa hutoweka, na msemaji wa kweli hujitokeza akiwa hakujiandaa. Pengo kati ya sauti hizo mbili huonekana hata kwa asiye mtaalamu. Si kwamba jibu la kukariri halipati alama yoyote. Sarufi safi itahesabiwa. Lakini aliyelala nalo kwa miezi mitatu amelala na kitu kitakachomwacha mkono kwenye swali la kwanza lisiloandikwa.

Ile dakika moja ya kujiandaa huonyesha tofauti hiyo hiyo. Mfuasi wa insha huitumia kuandika sentensi ya kufungulia, na dakika humwishia kabla hajafika nukta. Msimulizi huandika maneno manne tu, "mboga, mvua, ishirini, haya", akainua kichwa.

Je, jibu la kwanza lilitoka wapi? Si Uingereza. Ni zao la darasa la Kenya, na haki inadai isemwe kwamba walimu wa Kiswahili wana sehemu yao katika lawama, pengine kubwa kuliko ya wenzao wa Kiingereza. Tangu mtihani wa KCPE ulipoanza mwaka 1985 hadi ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, insha ya Kiswahili ililea kizazi baada ya kizazi katika pambo la kubandika. Kila mtoto aliamka alfajiri na mapema majogoo yakiwika. Kila furaha ilikuwa ya mpwitompwito. Kila aliyekimbia alichana mbuga kama swara au alisema mguu niponye. Na kila insha ilikomea kwenye methali, iwe inahusu ajali ya basi au harusi ya shangazi. Watoto waliyakariri mafungu hayo katika madaftari maalumu. Walituzwa kwayo. Hawakuulizwa kama siku hiyo jogoo aliwika kweli. Kijana aliyepitia malezi hayo, akifika umri wa miaka 28 na kuambiwa ajiandae kwa mtihani wa kuzungumza, hununua daftari jipya na kuanza kukusanya misemo. Anafanya alichofunzwa, tena kwa bidii.

Kisa kina upande mwingine ulio mzito zaidi. Mwaka ule ule wa 1989 ilipoanza IELTS, Kenya nayo ilifanya KCSE kwa mara ya kwanza. Katika KCSE ya Kiingereza iliyotokana na mtaala uliosahihishwa mwaka 2002, karatasi ya kwanza ina sehemu ya stadi za kusema, yenye alama 30 kati ya 60. Mgeni akisikia hivyo atadhani kuna chumba, mtahini na mazungumzo. Hakuna. Mtahiniwa huandika. Huandika ni neno gani hutamkwa sawa na jingine, huandika mkazo wa sauti uwekwe wapi, huandika angejiandaaje kama angeitwa kwenye usaili wa kazi, huandika kasoro za mazungumzo ya watu wawili waliochapishwa kwenye karatasi. Kijana anaweza kuzipata alama zote 30 akiwa hakufungua kinywa tangu asubuhi. Kwa Kiswahili hali ni hiyo hiyo: fasihi simulizi, yaani ngano, vitendawili, maigizo, na ulumbi wenyewe, hutahiniwa katika karatasi ya tatu kwa kalamu. Mwanafunzi hutaja sifa za mlumbi bora na kupewa alama zake bila kulumba. Karatasi ya fonetiki ya mwaka 1913, iliyozikwa kwao, ilifufukia huku.

Haifai kudhani kwamba waliotunga utaratibu huo walikuwa wajinga. Walitaka kusema kusitupwe nje ya mtihani kabisa, kwa kuwa shuleni kisichotahiniwa hakifundishwi. Lakini matokeo yake ni kwamba vijana wamefundishwa kuhusu kusema. Wanajua kwamba usaili huhitaji kumtazama msaili usoni. Wameandika hivyo mara kumi. Kumtazama ndiko hawajakuzoea.

Wapo wanaoeleza unyamavu wa mtahiniwa kwa njia nyingine. Husema kwamba Mwafrika halelewi kujisemea, kwamba mbele ya mkubwa hujibu kwa ufupi, na kwamba kujieleza kwa dakika mbili huonekana ni kujigamba. Maelezo haya yanapendeza kwa kuwa yanafanana na heshima, lakini hayana msingi imara. Fasihi simulizi ya Afrika Mashariki ina utanzu mzima wa majigambo: Waluo wana pakruok, Wahima wa Uganda wana ebyevugo, na Waswahili wana vijembe na mashairi ya kujinaki ambayo hayana haya hata kidogo. Watu hawa wanajua sana kujisemea. Tofauti ni kwamba katika tanzu hizo zote hadhira hujibu. Anayejigamba hushangiliwa au hukatizwa. Fanani wa ngano huanza kwa "Paukwa" na hawezi kuendelea asipoitikiwa "Pakawa". Mtega kitendawili hutegewa sikio kwa "Tega". Kadi ya mtihani humtaka mtu asimulie mbele ya hadhira ambayo kanuni imeikataza kuitikia. Msimulizi aliyelelewa katika mwitikio husimama kila baada ya sentensi mbili akingoja, na mtahini huandika kwamba mtiririko wake ni dhaifu. Basi sehemu ya maandalizi iwe kuzoea ukimya huo: kusimulia kwa saa iliyo mezani, mbele ya rafiki aliyeagizwa asitikise hata kichwa. Zoezi hili ni gumu kuliko linavyosikika.

Kuna pia hofu, nayo ina historia. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986, alieleza jinsi wanafunzi wa enzi ya ukoloni waliponaswa wakisema Gikuyu walivyochapwa au kuvikwa kibao shingoni, na jinsi walivyogeuzwa wapelelezi wa wenzao. Desturi ya kibao iliendelea katika shule nyingi baada ya uhuru. Kwa kawaida husemwa kwamba iliumiza lugha za mama, nayo iliumiza kweli. Lakini iliumiza na Kiingereza pia. Mtoto aliyeogopa kibao hakukimbilia kusema Kiingereza fasaha. Alikimbilia kunyamaza, kwa kuwa ukimya haukuwa na adhabu. Akajifunza kwamba kila neno linalotoka kinywani ni ushahidi unaoweza kutumiwa dhidi yake. Miaka 20 baadaye amekaa mbele ya chombo cha kunasia sauti.

Juu ya lafudhi hapana haja ya maneno mengi, ijapokuwa ndiyo inayokula fedha nyingi za watahiniwa. Mtihani haudai lafudhi ya London. Unapima kama msemaji anaeleweka bila taabu, na kama anautumia mkazo na kiimbo kuonyesha maana. Msemaji wa Kiswahili ana jambo moja la kujichunga nalo: katika lugha yake mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu bila kukosa, ilhali katika Kiingereza huhamahama, na neno kama "character" husikika likiwa na mkazo katikati kwa sababu hiyo. Kulirekebisha hilo kwa maneno mia mbili ya kazi yake kutamfaa kuliko kujifunza kupuliza hewa puani.

Sehemu ya tatu ya mtihani ndiyo inayomfaa zaidi msomi wa Kenya, lau angeachiliwa. Mtahini hapa hafungwi sana na maandishi. Anaweza kudadisi, kupinga, kuuliza "kwa nini". Maswali huwa ya jamii: iwapo vijana wa leo husaidiana kama wa zamani, iwapo serikali ibebe mzigo wa wazee. Mkenya wa kawaida hujadili mambo mazito kuliko haya ndani ya matatu, kwa lugha tatu, bila kualikwa. Lakini akiulizwa na mtahini huirudia desturi ya kuhesabu: kwanza, pili, tatu, na mwisho lakini si kwa umuhimu. Hasemi "labda", hasemi "inategemea", hajipingi. Hata malumbano ya shuleni yalimlea hivyo. Ngonjera, ambayo Mathias Mnyampala aliieneza Tanzania katika miaka ya Ujamaa, ni mabishano kwa umbo lake. Lakini watoto wanaoighani jukwaani wamekariri pande zote mbili, na anayeshindwa anajua tangu mazoezini kwamba atashindwa. Huo ni utanzu wenye uzuri wake. Haukukusudiwa kumfundisha mtu kubadili rai yake katikati ya sentensi, na hilo hasa ndilo majadiliano ya dakika tano hulitafuta.

Ingekuwa upungufu wa uhakiki kuwalaumu watahiniwa na shule zao tu, na kuuacha mtihani wenyewe ukiwa umevaa kanzu nyeupe. Kinachoamua kama muuguzi ataruhusiwa kuhudumia wagonjwa katika hospitali ya Leeds ni uwezo wake wa kumsimulia mgeni asiyejibu juu ya zawadi, safari au jirani. Kazini hatafanya hivyo hata siku moja. Kazini atamwendea mzee aliyekataa dawa, atamuuliza, atakatizwa, atasikiliza, atarudi nyuma, atasema pole. Kwamba jambo hilo linaweza kutahiniwa ni wazi, kwa kuwa upo mtihani wa Kiingereza cha kazi za afya, OET, ambao Baraza lile lile la Uingereza limeukubali tangu Novemba 2017. Humo mtahiniwa hupewa maigizo mawili ya takriban dakika tano kila moja. Yeye ni muuguzi, na anayeketi mbele yake hucheza mgonjwa au jamaa wa mgonjwa, naye hujibu, huuliza, hulalamika. Miongoni mwa vinavyopimwa ni jinsi anavyojenga uhusiano na mgonjwa. Kwa mtu aliyekulia katika usemi wa kuitikiana, hapo pana hadhira. Muuguzi wa Kenya anayekimbilia ile kadi kwa sababu tu jina la mtihani wake limevuma zaidi angefaa kwanza kuuliza ni utanzu gani anaoumudu.

Mwisho ni suala la shule, ambako jambo lote lilianzia. Mtaala mpya wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, umeweka kusikiliza na kuzungumza kuwa mada kuu katika Kiswahili na katika Kiingereza. Ni hatua njema kwenye karatasi. Kizuizi ni saa. Darasa la wanafunzi 50, kila mmoja akizungumza na mwalimu kwa dakika 12, linahitaji dakika 600, yaani vipindi 15 vya dakika 40, huku wengine 49 wakingoja. Hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kusema kupimwa kwa kalamu, na haifai kuifunika kwa nadharia. Lakini hesabu hiyo inaweza kupunguzwa. Baadhi ya mitihani ya Cambridge huwaweka watahiniwa wawili wawili, wakazungumza wao kwa wao kwa sehemu ya muda huku mtahini akisikiliza. Jozi moja huchukua dakika 14 hivi. Kwa darasa lile lile zingekuwa jozi 25, dakika 350, vipindi visivyozidi tisa kwa muhula mzima. Na katika jozi, anayesimulia ana mwenzake wa kumwitikia.